Haidra Walionifanya Mwizi

Naomba radhi kwa mwandiko wangu. Unapanda na kushuka kama barabara za ndani za Gatongora wakati wa mvua, na kuna maneno ambayo nimeyaandika kwa kuyasikia tu, sijui kama kwenye vitabu yako hivyo. Niliishia darasa la nane. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Ukikwama mahali, ruka, endelea mbele, utanielewa. Sitataja jina la mtu yeyote, na usidhani ni kwa huruma. Sitaki tu majina yao yakae ndani ya daftari langu.

Nilifanya kazi mwaka mmoja na miezi kadhaa katika ploti moja hapo Gatongora, upande wa Ruiru, kwa mwanamke aliyekuwa akizalisha samaki wa mapambo. Samaki hawa hawaliwi. Walinunuliwa na wenye maduka ya Thika, na wenye mahoteli ya nyama choma kule Kamakis, ambao hupenda kuweka tangi karibu na mlango ili watoto wanyamaze wazazi wakila. Tulikuwa na matangi kumi na manane ya vioo ndani ya banda la mabati. Mwenye banda tulimwita Madam. Alikuwa amestaafu kazi ya ofisi, na banda aliliendesha kama ofisi: viatu nje, mikono ioshwe, mazungumzo hapana. Hilo la mwisho lilinifaa. Mimi ni msichana wa haya. Mtu akiniuliza swali mbele ya watu, jibu linanijia kesho yake nikiwa peke yangu.

Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo, kubadilisha maji, na kulea vifaranga wa goldifishi. Goldifishi hutaga mayai kwenye kamba za nailoni tulizozifumua kutoka kwa magunia. Baada ya siku chache mayai yanaanguliwa, na vifaranga wanajibandika kwenye kioo kama nukta zenye mkia. Kisha wanaanza kuogelea, na tangi linakuwa na wingu ndani yake. Nililipenda wingu hilo. Hakuna mtu aliyekuwa na vioo safi kama vyangu, na hata Madam, ambaye hasifu, aliwahi kupitisha kidole juu ya kioo na kuondoka bila neno.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, nacho ni ndoo nyeupe ya Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi Madam aliwasha gari lake akaenda kwenye bwawa moja upande wa Juja, na wavu alioushona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia. Humo alichota viroboto wa maji, wadudu wadogo wekundu wanaorukaruka, pamoja na majani kidogo ya bwawani. Aliuita uji. Alirudi, akavaa aproni, akapita tangi hadi tangi na kikombe, akimimina uji kwa vifaranga kama mama anayenyonyesha.

"Mtoto halishwi vitu vya paketi," alikuwa akisema. "Wangu watatu niliwasagia wimbi mimi mwenyewe. Hakuna hata mmoja amewahi lazwa hospitali."

Mvua ndefu zilipoanza, vifaranga walianza kupotea.

Jumatatu tangi lilikuwa na wingu. Jumatano wingu lilikuwa jepesi. Ijumaa ungeweza kuwahesabu waliobaki kwa vidole. Niliangalia sakafuni kama wameruka, nikaangalia kwenye chujio la pampu, nikapapasa changarawe ya chini. Hakuna kitu. Wakati huohuo nilianza kuona uchafu wa aina mpya kwenye vioo: vijiuzi vyeupe, vifupi kuliko ukucha, kila kimoja kimefumuka upande mmoja kama kamba ya kiatu iliyopoteza ncha. Nilidhani ni ukungu. Nikachukua wembe nikavikwangua. Vilikatika vipandevipande, vikashuka chini polepole, na kioo kikang'aa. Baada ya siku nne vilikuwa vimerudi, tena vingi kuliko kwanza. Nikakwangua tena kwa bidii zaidi. Wembe ulikuwa mmoja na sponji moja, kutoka tangi la kwanza hadi la kumi na nane.

Madam alinisimamisha mbele ya tangi la tano.

"Wako wapi?"

Nilikamua sponji ndani ya ndoo.

"Nakuuliza wewe msichana. Samaki akikufa anaelea, ama analala chini. Maiti ziko wapi?"

"Sijui, Madam."

"Haiya! Hajui. Wameota mabawa wakaruka?" Alisogea karibu. "Thika unaendanga kufanya nini kila Jumapili?"

"Kuona mama."

"Na chupa ya maji kwa mkoba."

"Ni ya kunywa."

"Kuna mtu huko Thika anauza goldifishi wadogo bei ya kutupa. Nimeambiwa. Ametoa wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Yote yalikaa kooni, na Madam akayahesabu kuwa ni hatia. Huyo ndiye mtu aliyefanya kazi ofisini miaka yote hiyo, akawaajiri na kuwafuta watu, na bado hakujua kwamba mtu anaweza kunyamaza bila kuwa ameiba.

Kuanzia siku hiyo nilikaguliwa getini kila jioni nikitoka. Mlinzi alifungua mkoba wangu juu ya kiti chake cha plastiki, akamimina maji yangu kwenye karai la bluu, akainama kuyachungulia. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kioski cha maji, na wanawake walikuwa hapo na mitungi yao wakingoja zamu. Hawakuwa na kitu kingine cha kutazama.

"Ameiba nini huyo?" mmoja alipaza sauti. Alikuwa mama mnene mwenye mtoto mgongoni.

"Samaki," mlinzi akajibu.

"Wa kupika?"

"Wa kuangalia."

Wakacheka hadi mtungi mmoja ukafurika. "Wewe msichana," yule mama akasema, "si ungeiba kuku basi! Kuku hata ukishikwa umeshiba!"

Nilicheka nao kidogo, kwa sababu sikujua uso wangu ufanye nini. Ninajichukia kwa kicheko hicho hadi leo.

Kisha Madam alimpigia mama yangu simu. Hapo ndipo lililokuwa aibu likawa hatari. Mama yangu huwafulia watu nguo Thika, katika nyumba ambazo wenyewe huenda kazini wakamwachia funguo. Hana cheti, hana duka. Alicho nacho ni kwamba watu humwachia funguo. Madam alimwambia kwamba vifaranga wengine wakipotea atanipeleka polisi, na kwamba amewaonya wateja wake wote wa Thika wasinunue samaki kwangu. Miongoni mwa wateja hao kulikuwa na mama mmoja ambaye nguo zake mama yangu alikuwa akifua. Jumapili nilipofika nyumbani, mama alinipa chai, akaketi mbele yangu, akauliza mara moja tu.

"Uliwachukua?"

"Hapana, mami."

"Basi fanya wajue. Mimi siwezi kukusemea huko."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilijua kitu kimoja tu: lazima nijue vifaranga wanaenda wapi kabla tangi lingine halijawa tupu.

Kulikuwa na mtu wa tatu katika banda lile. Alikuwa kijana wa yunivasiti ya Juja, aliyeletwa kwa miezi mitatu ya mazoezi ya kazi. Alivaa koti jeupe ambalo sikuwahi kuliona likiwa na doa, maana hakuwahi kubeba ndoo. Aliniita siz, yaani dada. Asubuhi nyingi alikaa kwenye stuli mbele ya tangi la nane akiwa na lenzi na daftari, nami nikadhani anapima maji.

Asubuhi moja nilifika tangi la nane nikiwa na wembe. Aliruka kutoka kwenye stuli.

"Wee siz! Hiyo usikwangue! Hiyo tangi ni yangu."

"Ni chafu."

"Si uchafu." Akacheka. "Hiyo ni haidra. Kwani hujui haidra? Hiyo ni ya Form One."

Sikumwambia kwamba Form One niliiona kutoka nje ya uzio. Nilinyoosha mkono nikachukua lenzi. Nadhani alishtuka, maana sikuwa nimewahi kumwomba kitu.

Kile nilichokiita ukungu kilikuwa na mwili. Ulikuwa bomba jembamba linalopitisha mwanga, limejishika kwenye kioo kwa mguu wake. Juu ya bomba kulikuwa na mdomo, na kuzunguka mdomo mikono sita, myembamba kuliko unywele, mirefu kuliko mwili wenyewe, ikining'inia majini bila haraka. Ubavuni mwa mmoja kulikuwa na mwingine mdogo ameota, mwenye mikono yake tayari, kama chipukizi kwenye kiazi. Nilimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa na macho ya kunirudishia.

Yule kijana alipenda kusikika, kwa hiyo hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Aliniambia kwamba kwenye mikono ile mna vifuko vingi visivyoonekana, na ndani ya kila kifuko uzi umejikunja kama springi, wenye sumu. Kitu kikigusa, uzi unafyatuka na kuchoma. Haidra haamui kuchoma. Hana ubongo wa kuamulia, ana wavu tu wa mishipa uliotandaa mwili mzima. Hana moyo wala damu. Mwili wake ni tabaka mbili, na katikati yake kitu kama jeli. Anachokula kinaingia kwa mdomo, na kinachobaki kinatoka kwa mdomo uleule.

"Na hazeeki," akasema. "Ukimlisha na kumwachia maji safi, anaendelea tu. Wamewaweka maabara miaka na miaka, hakuna dalili ya uzee."

"Anakula nini?"

"Chochote kinachomgusa. Viroboto. Vifaranga."

"Vifaranga?"

"Wale wa siku za kwanza kwanza, ee. Anameza mzima. Baadaye anatema mabaki, hata huwezi ona."

Nilimrudishia lenzi.

"Umejua tangu lini?"

Alipangusa lenzi kwa pindo la koti. "Kama wiki tatu."

"Na ulikuwa hapa nikiitwa mwizi."

"Siz, sikiza. Mimi niko hapa kwa ripoti. Nikisema, Madam anamwaga hizi tangi zote leo leo, na mimi nitaandika nini? Nipe siku kumi nimalize kuhesabu. Kumi tu." Kisha akatabasamu, kama mtu anayekumbuka jambo la kuchekesha. "Na tusidanganyane, wewe ndiye umenisaidia. Haidra ukimkata vipande, kila kipande kinamea kichwa na mguu. Umekuwa ukiwakata na wembe kila siku, halafu unawasambaza na sponji. Hata mimi nisingepata hesabu kama hii."

Nilisimama pale na wembe mkononi. Bidii yangu yote, vioo vyangu vyote vilivyong'aa, vilikuwa vimewalisha wale wanyama na kuwapandikiza. Sikumchukia kijana yule kwa kunifundisha. Nilimchukia kwa sababu alikaa kwenye stuli wiki tatu, akaona mkoba wangu ukimwagwa getini, akaandika namba.

Alinionyesha pia picha kwenye simu yake, bila kuombwa. Alisema haidra ni mtu mdogo wa bara katika ukoo mkubwa wa baharini. Kuna yavuyavu, wale laini kama uji ulioganda, ambao huelea wakijifungua na kujifunga kama mwavuli na kuwawasha waogeleaji. Alisema yavuyavu wengi huanza maisha wakiwa wamekaa kwenye jiwe, wadogo kama haidra wangu, kisha mwili unajigawa kuwa sahani juu ya sahani kama chapati zilizopangwa, na kila sahani inajing'oa na kuogelea zake. Kuna wanaofanana na maua, wanaojishika mwambani na kukamata samaki wakubwa kiasi. Kuna matumbawe, ambayo mimi nilidhani ni mawe. Kumbe kila tundu la jiwe lile ni nyumba ya mnyama mmoja, na jiwe lenyewe wamelijenga wao, maelfu kwa maelfu, mgongo kwa mgongo, na wengi wao wamehifadhi mimea midogo mno ndani ya ngozi inayowatengenezea chakula kwa jua. Kuna hata mmoja anayeelea na puto la buluu, ambaye ukimtazama ni mnyama mmoja, kumbe ni umati: hawa wanakula kwa niaba ya wote, hawa wanachoma kwa niaba ya wote.

Ni wazuri. Sitasema uongo. Rangi zile sijawahi kuziona Ruiru. Watu hulipa kwenda kuwatazama wakiwa wamevaa miwani ya maji. Lakini nilipokuwa nikitelezesha picha kwa kidole, niliona mikono ileile kwa wote, na mdomo mmoja wa kuingilia na kutokea, na vifuko vya sumu vinavyofyatuka bila kuuliza umefanya nini. Nikafikiri kwamba pwani wanapigwa picha, na Gatongora karibu wanipeleke polisi.

Siku hiyohiyo nilimwita Madam tangi la tano. Nilikuwa nimejifunza sentensi yangu tangu asubuhi.

"Madam, kuna mnyama kwa kioo. Yeye ndiye anakula."

"Mnyama gani?"

Nikamwonyesha. Akainama, akagonga kioo kwa pete yake, ko ko ko, kama mwenye nyumba anayegonga mlango wa mpangaji. Haidra akiguswa au maji yakitikiswa hujikunja. Mikono yote ikarudi ndani, miili ikafupika, na kwenye kioo zikabaki nukta nyeupe kama chumvi.

"Unanionyesha nini? Vumbi?"

"Ngoja kidogo, Madam. Watajinyoosha."

"Nikungojee? Mimi?"

Nilimgeukia yule kijana. "Mwambie."

Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. "Madam, kuna uwezekano," akasema. "Lakini siwezi kusema kwa hakika. Bado nakusanya."

"Umesikia?" Madam akaniambia. "Hata aliyesoma hajui, wewe ndiye unajua."

Jioni ile mlinzi alipomimina maji yangu, yule mama wa kioski aliuliza kama nimepata kuku. Sikucheka.

Nilielewa kosa langu. Madam alikuwa mtu wa kugonga, na mnyama huyu huonekana na mtu asiyegonga. Ilibidi nimletee mahali ambapo yeye mwenyewe huketi kimya, na mahali pekee kama hapo palikuwa mbele ya chai yake ya saa nne. Jumamosi, yeye akiwa ameenda bwawani, nilichukua chupa ya jamu, nikaiosha, nikaijaza maji ya tangi la tano. Nilitoa haidra wanne kwa ncha ya unyoya wa kuku, nikiwasukuma miguu polepole wasikatike, nikawaweka ndani. Nikaacha chupa karibu na dirisha hadi wakajinyoosha. Kisha nikatia vifaranga watatu walioanguliwa juzi yake. Niliwaomba msamaha wale vifaranga. Wao tu ndio nimewaomba.

Madam alirudi, akaweka ndoo yake nyeupe chini, akavua viatu, akaketi. Nikaweka chupa mbele ya kikombe chake.

"Usiiguse, Madam. Angalia tu ukinywa."

Nafikiri alishangaa kusikia sauti yangu. Akanywa akitazama, kwa dharau kwanza. Kifaranga mmoja aliogelea juu, akashuka, akapita karibu na kioo. Mkono mmoja ukamgusa. Akaruka mara moja, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, kisha akatulia. Mkono wa pili ukamfikia, na wa tatu. Wakamvuta bila haraka yoyote. Mdomo ukafunguka, mwembamba vile, ukaanza kupanda juu ya kichwa chake kama soksi inayovalishwa mguu. Chai ya Madam ilipoa. Baada ya muda haidra yule alikuwa na tumbo, na ndani ya tumbo, kwa sababu mwili wake unapitisha mwanga, jicho la kifaranga lilionekana kama nukta nyeusi.

"Ngai mwathani," Madam akasema. "Hawa wametoka wapi?"

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nilichukua kikombe chake cha uji nikakizamisha katika ndoo nyeupe, ile isiyoguswa, nikamimina kwenye chupa ya pili.

"Wee! Hiyo ndoo..."

"Ngoja, Madam."

Akangoja. Viroboto walirukaruka. Kipande cha jani la bwawani kilizama chini, kikatulia. Kisha kwenye ukingo wa jani kitu kilianza kurefuka, chembamba, cheupe, kikafungua mikono. Halafu kingine.

Yule kijana alikuwa mlangoni. Alikuwa akiandika.

Madam aliitazama ndoo yake, kisha matangi. Kila Jumamosi amewamiminia watoto wake kikombe cha wale wanyama, yeye mwenyewe, akiwa na aproni. Nilidhani ataniita kwa jina, aniombe radhi. Alisimama, akachukua chupa ya pili, akaimwaga kwenye sinki.

"Hii maneno ya ndoo," akasema, "mteja asisikie. Tutakausha matangi, tumwage maji moto, tuanze upya. Enda uweke maji jikoni."

"Na mimi?"

"Wewe nini? Si uko na kazi? Nimekufuta?"

"Uliniita mwizi, Madam. Uliambia mama."

"Sasa nimejua. Imeisha."

"Waambie pale getini. Na uwapigie wa Thika."

Alinitazama kana kwamba stuli imezungumza. "Mimi nisimame kwa barabara niombe msichana wa kazi msamaha, mbele ya watu wa mitungi? Na hata hivyo, nani alikuwa anawakata na wembe? Ukitaka tuhesabu makosa, tuhesabu yote."

Ndivyo alivyosema. Na ni kweli kuhusu wembe, sijaficha. Lakini wembe si wizi, na alijua tofauti.

Nikachukua chupa ya kwanza, ile yenye haidra aliyeshiba, nikavaa viatu, nikatoka getini. Mlinzi alinyoosha mkono apokee mkoba. Nilipita. Nilivuka barabara hadi kioski cha maji, mbele ya wanawake saba au wanane, na nikasimama. Masikio yalikuwa yakiniwaka. Sikuwahi kuzungumza na watu wengi hivyo kwa mara moja, hata shuleni.

"Vifaranga nimeambiwa nimeiba," nikasema, "wameliwa na huyu."

"Nani?" wa nyuma akauliza. "Sema kwa nguvu!"

"Huyu!"

Yule mama mwenye mtoto alikuja, akainama juu ya chupa. Wengine wakasukumana. "Hapa hakuna kitu," mmoja akasema. "Ni uzi."

"Msiguse chupa. Angalieni tumbo lake. Mnaona nukta nyeusi?"

"Ninaona."

"Ni jicho la samaki."

Yule mama akasogeza uso karibu zaidi, mtoto akiwa anachungulia juu ya bega lake. "Ngai! Hako kauzi kamemeza samaki mzima?" Akanitazama, si kwa kicheko. "Na unakaguliwa hapa kila siku kwa sababu ya hako?"

"Ndiyo."

"Na huyo Madam amesema nini?"

"Amesema imeisha."

"Imeisha kwake," akasema yule mama, akatema mate pembeni.

Lakini mwingine, mrefu, aliyekuwa ameinua mtungi tayari, akasema, "Hata hivyo mtu haitwi mwizi bure." Akaondoka zake. Wawili wakamfuata. Mitungi yao ilikuwa imejaa.

Sikurudi ndani. Nilimwaga chupa juu ya changarawe kavu kando ya barabara, nikasimama hadi nikaona ile mikono imekauka kwenye jua na kuwa si kitu. Ni mnyama pekee niliyewahi kumuua nikifurahi.

Madam bado anauza samaki. Alikausha matangi yake, nimesikia, na sasa ana msichana mwingine. Wale wa Thika hakuwapigia. Yule mama ambaye nguo zake zilikuwa zikifuliwa na mama yangu alidai funguo zake zirudishwe, na nyumba ya pili ikafuata. Mama hanilaumu. Anafua mbali zaidi sasa, kwa watu ambao hawajasikia. Mimi nimeomba kazi mahali patatu, na mahali pawili wamenitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Yule kijana, nadhani, alipata maksi nzuri.

Ninaandika hii kwa sababu siwezi kusimama kwenye kila kioski cha maji kati ya Ruiru na Thika. Kama ulikuwa pale barabarani siku ile ukaona jicho ndani ya tumbo, niandikie, hata mstari mmoja, useme uliona. Kama ulinunua samaki Gatongora, wakazaa kwako, na vifaranga wakaisha bila maiti hata moja, niandikie pia, na uniambie ulimshuku nani. Sihitaji pole ya mtu. Nataka barua ambazo mama yangu anaweza kuziweka mezani mbele ya mwenye nyumba, azisome, kisha ampe funguo.